Mizinga Miwili ya Kamba Moja

Ilikuwa Ijumaa, saa tano na dakika ishirini asubuhi, kipindi cha mwisho cha fizikia kabla ya kufunga shule. Saa naitaja kwa uhakika kwa sababu niliitazama saa ya mwalimu, aliyokuwa ameivua mkononi na kuilaza mezani ili apimie mwendo wa makopo. Nikiulizwa mambo haya yalianza lini, nasema hapo. Ukweli ni kwamba yalikuwa na miaka saba tayari, nami nimekaa nayo kimya kama mtu aliyemeza kokwa.

Wiki ile tulikuwa tumemaliza habari za vitu vinavyozunguka. Mwalimu wetu, kijana wa kutoka mbali ambaye Kiha chake, lugha ya huku kwetu, kiliishia kwenye salamu, alitutoa nje akazungusha ndoo ya maji juu ya kichwa chake, na tone halikumwangukia. Adela, ninayekaa naye dawati moja, akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu wakimfukuza ualimu ataenda sarakasi." Ijumaa hiyo mwalimu alikuwa amefunga kamba kati ya madawati mawili, na kwenye kamba hiyo akaning'iniza makopo mawili ya maziwa yaliyojaa mchanga, kila moja kwa uzi wake. Nyuzi alizipaka nta zisifumuke. Harufu ya ile nta ilinifikia dawati la tatu kabla sijaangalia anafanya nini. Nikaacha kuandika.

Akalisukuma kopo moja tu. Likabembea. La pili lilikuwa limesimama kimya. Tukangoja. Kidogo kidogo lile la kwanza likapunguza mwendo, na la pili, ambalo hakuna mkono uliolikaribia, likaanza kutikisika, likaongeza, likaongeza tena, mpaka la kwanza likasimama kabisa na la pili likawa ndilo linalobembea peke yake.

"Nani amegusa kopo la pili?" mwalimu akauliza.

"Si mimi, mwalimu!"

"Adela amelipulizia!"

"Mimi? Nipulize kopo la mchanga? Hilo lina shetani."

Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka, akasema, "Ngojeni, shetani wenu anarudi." Na kweli, la pili lilipoanza kuchoka, la kwanza likaamka upya. "Hakuna aliyeligusa," akasema. "Kamba ndiyo iliyoligusa. Limefungwa kamba moja na mwenzake, basi la mwenzake ni lake."

Mimi sikucheka. Wenzangu mnanijua: tangu kidato cha kwanza sikuwahi kunyoosha mkono darasani, hata nilipokuwa na jibu. Siku ile mkono ulinyooka wenyewe. Adela aligeuka akanitazama kama aliyeona jiwe likiota majani.

"Mwalimu, kama makopo yangekuwa mazito? Mazito kama magogo?"

"Ni yaleyale. Tena mazito hukawia kutulia."

"Na kama nyuzi zisingelingana?"

Akanitazama kwa furaha ya mwalimu aliyepata swali. Akaufupisha uzi wa kopo la pili kwa kiganja kimoja, akalisukuma la kwanza. La pili lilitikisika kidogo tu, kama mtu anayekataa kuamshwa, likaacha. "Ili moja limpe mwenzake mwendo wake wote," akasema, "lazima yawe sawa. Sawasawa kabisa."

Nikainamisha kichwa kwenye daftari. Nilikuwa namwona baba akipima kamba kwa mkono wake, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, mara nne kwa mzinga huu na mara nne kwa mzinga ule, akisema kwamba vitu viwili visivyolingana vinamwumiza macho.

Baba yangu, Simoni, alikuwa mrina asali. Wakati wa msimu alikwenda na wenzake porini, upande wa Kagerankanda, wakakaa wiki nzima na zaidi, akarudi na nywele zinazonuka moshi hata baada ya kuoga. Mimi niliipenda harufu ile. Nikiwa na miaka tisa aliamua kutundika mizinga miwili karibu na nyumbani, Heru Juu, kwenye mbuga ndogo iliyokuwa nyuma ya shamba letu la muhogo. Adui yake mkubwa alikuwa nyegere, ambaye hupanda mti, akapasua mzinga, akala asali pamoja na watoto wa nyuki. Kwa hiyo hakuiweka mizinga juu ya matawi. Alifunga kamba nene kati ya miti miwili, na mizinga ikaning'inia kwenye kamba hiyo, mbali na mashina yote mawili. "Nyegere apande," alisema, "atakaa kwenye shina anawaza."

Mama alikuwa na mtoto mchanga, mdogo wangu, na kazi yangu ilikuwa kumbembeleza. Nilijifunza kwamba mtoto akilia humpigii kelele. Unamtikisa taratibu, unaufuata mwendo wake, unausaidia pale pale unapotaka kuisha, na mwisho macho yanafumba. Nilijivunia kazi hiyo. Nilidhani nimegundua siri ya viumbe vyote.

Siku ya kurina, jioni jua likiwa limeshuka kwenye kilima, baba alinituma nitangulie na mwenge wa majani makavu nimngoje chini ya miti. Mizinga ilikuwa inanguruma. Niliogopa, lakini si kwa ajili yangu. Msimu uliopita baba alikuwa amerudi na uso umevimba, jicho moja halionekani. Nikawaza: wale nyuki wangelala, wasingemwuma. Kando ya mti ulikuwepo ufito mrefu. Nikaushika, nikaegemeza ncha yake kwenye mzinga wa kwanza, ule uliokuwa karibu nami, nikaanza kuubembeleza. Nikasukuma kidogo, nikangoja urudi, nikasukuma tena. Niliwaimbia hata ule wimbo wa mdogo wangu, kwa sauti ya ndani. Mzinga uliojaa asali ni mzito kuliko mtu, lakini kwa subira unakubali. Ukawa unakwenda na kurudi, mpana, taratibu, na mimi nikaona kwamba kelele inapungua. Labda haikupungua. Labda niliacha kuisikia.

Nikasikia kikohozi cha baba migombani, nikautupa ufito. Alinikataza mara mia kuigusa mizinga. Yeye alikuja na ungo wake na kisu, hakupita upande wangu, akaenda moja kwa moja kwenye mti wa pili, kwa kuwa alitaka kuanza na mzinga wa pili. Akapanda, akaketi kwenye tawi lililotokeza mbele ya kamba, mzinga ukiwa mbele ya kifua chake. Majani yalimkinga asiuone ule wa kwanza. Akaomba mwenge, nikauokota ufito, nikampa kwa ncha yake, nikarudi. Moshi ukapanda.

"Mzinga umetulia?" akauliza kutoka juu, maana moshi ulikuwa unamwingia machoni.

Nikautazama mzinga wa pili, ule aliokuwa anauliza. Ulikuwa umetulia kama jiwe la mpaka. Nikautazama wa kwanza. Ulikuwa bado unabembea.

"Umetulia, baba," nikasema.

Sikusema uongo. Hilo ndilo lililonitesa kuliko yote, kwamba sikusema uongo. Niliamini wa kule ni wa kule na wa huku ni wa huku. Niliamini pia kwamba nikiutaja ule wa kule nitachapwa.

Wakati huohuo njiani alipita bibi Tereza, mjane jirani yetu, na mzigo wa kuni kichwani. Alikuwa mrefu, mwenye sauti kubwa, asiyejua kunong'ona hata kanisani. Alisimama kutazama, kama kila mtu anavyosimama kutazama mtu akirina. Baba alikuwa ameachia tawi kwa mkono mmoja, ameinama mbele na kisu. Na mzinga wa pili ukaanza kutikisika. Hakuna upepo. Hakuna mkono. Ukarudi nyuma kidogo, ukaja mbele kidogo. Baba alidhani ni yeye aliyeugusa, akaupisha, akaendelea. Ukarudi nyuma zaidi. Bibi Tereza akautupa mzigo wa kuni, akapiga kelele iliyofika ng'ambo ya bonde:

"Simoni! Mzinga unakujia huo!"

Na mzinga ukamjia.

Sitaeleza alivyoanguka. Nakumbuka zaidi kwamba kisu kilikita ardhini kikasimama wima, na kwamba nyuki hawakuwa wamelala hata mmoja. Bibi Tereza ndiye aliyemburura baba kutoka pale akajifunika khanga usoni, ndiye aliyeumwa hata vidole vikavimba kama ndizi. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mti wa kwanza. Nilipoutazama mzinga wangu, ule niliouanzisha mimi, ulikuwa umesimama. Kimya kabisa. Nikaona kwamba haukuwa na hatia, na mimi sikuwa na hatia, na kwamba kitu kibaya kilikuwa kimetoka kwingine.

Nyonga ya baba ilivunjika. Alikaa hospitali Kasulu miezi, akarudi na fimbo, na Kagerankanda hakuiona tena. Ndugu walipokutana nyumbani kuzungumza, baba mdogo, Filipo, aliniita katikati yao. "Mwanangu Generoza, nani aliugusa mzinga ule?"

"Sikuona mtu, baba mdogo."

"Kulikuwa na upepo?"

"Hapana."

"Nani alikuwepo?"

"Bibi Tereza."

"Alisema nini?"

Nikawaambia alivyosema. Kisha Filipo akasema polepole, akiyapima maneno: "Alisema kabla haujampiga. Alijuaje?"

Hapo ndipo lilipoishia jina la bibi Tereza. Hakuna aliyemfukuza wala kumpiga. Huku kwetu yapo mabaya yasiyohitaji fimbo. Alileta viazi vitamu kwa mgonjwa, mama akavipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akavifukia nyuma ya nyumba. Serikali ilipotuhamishia kijijini na nyumba kupangwa mstari mmoja, yeye alipewa kiwanja cha mwisho, karibu na kijito, na kiwanja cha jirani yake kikabaki nyasi mpaka leo. Watu walimwitikia salamu huku wakitazama miguu yao. Na jambo lililoumiza kuliko yote, hakuna aliyekwenda kwake kuomba moto. Ninyi mnaofahamu kwetu mnajua: moto wako ukizimika asubuhi, unachukua kigae unaenda kwa jirani, unapewa kaa, unapewa na habari za kijiji. Nyumba isiyoombwa moto ni kama haina watu. Miaka saba moshi wa bibi Tereza ulipanda peke yake, na mimi nilikwenda kijitoni na mtungi wangu, nikapita mlangoni pake kwa haraka, kwa kuwa nilimwogopa. Namwambia kila anayesoma: nilimwogopa kwa kweli. Niliamini kama walivyoamini wengine, nikaamini zaidi, maana mimi ndiye niliyeuona mzinga ukienda wenyewe.

Shule ilifungwa saa sita. Nilijitwika sanduku langu nikatembea kwenda Heru Juu, na njiani Adela, aliyenisindikiza mpaka njia panda, alinisemesha mara tatu bila jibu. "Wewe leo umeuliza maswali mawili mazima," akasema, "sasa maneno yamekwisha?" Sikuweza kumweleza. Nilikuwa nahesabu: kamba moja. Mikono minne na mikono minne. Magogo mawili ya mti mmoja, yaliyochongwa na mtu anayechukia visivyolingana. Kila nilipofika mwisho wa hesabu nilikuta mikono yangu mwenyewe imeshika ufito.

Baba alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, anachambua maharage, mguu mbovu umenyooshwa. Nilimsalimu, nikaingia ndani, nikatoka na kamba na vibuyu viwili vya mama. Nikavijaza mchanga. Nikafunga kamba kati ya nguzo mbili za kibaraza, nikavining'iniza, nikapima nyuzi kwa mkono, kiwiko mpaka kidole. Baba alinitazama bila kuuliza. Alipoona ninavyopima, mikono yake iliacha kuchambua.

"Baba, tazama hiki cha pili. Usitazame ninachokisukuma."

Nikakisukuma cha kwanza. Tukangoja. Mama alikuja akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Kibuyu cha pili kikaanza. Kilipofika kwenye mwendo wake wote, baba alirudi nyuma juu ya kigoda, kidogo tu, kifua chake kikajikaza, kana kwamba kibuyu kile cha mchanga kingeweza kumfikia.

"Nani anakisukuma?" mama akanong'ona.

"Mimi," nikasema. "Nilikuwa mimi."

Nikawaeleza yote, wimbo wa kubembeleza, ufito, jibu nililolitoa. Nililia, lakini niliendelea kusema, maana nilijua nikinyamaza hata mara moja nitanyamaza miaka saba mingine. Nilipomaliza kibuyu cha kwanza kilikuwa kimerudia kubembea. Baba alinyoosha fimbo yake akakigusa, kikasimama. Akaigusa na kamba. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia.

"Ningeacha kamba ya mzinga mmoja iwe ndefu kidogo," akasema. "Kidole kimoja tu."

"Baba, si wewe. Ni mimi niliyeusukuma."

"Ulikuwa mtoto. Na mtoto hubembeleza." Maharage yalikuwa yamemwagika miguuni pake, hakuyaokota. "Tereza aliniita kwa jina," akasema. "Asingeniita, nisingegeuza kichwa. Mzinga ungenipiga usoni. Miaka saba simsalimii mtu aliyeniita nisife."

Mama aliona haya yanaelekea wapi. "Yaliyopita yamepita," akasema kwa ukali. "Mtoto ameeleza, tumesikia. Sasa mnataka niende kupiga magoti kijitoni? Na watu watasema nini, kwamba makopo ya shule yamemtakasa mlozi?"

"Vile viazi," baba akamwuliza, "ulivifukia wapi?"

Mama aliingia ndani akapakua chakula cha jioni.

Asubuhi ya kesho yake niliamka wa kwanza. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni, na kwenye mafiga makaa yalikuwa mazima chini ya majivu, kama mama anavyoyafunika siku zote. Nikachota maji kwenye mtungi, nikayamwagia. Yalipiga mluzi, majivu yakaruka, mama akaamka.

"Umefanya nini?"

"Moto umezimika, mama. Naenda kuomba."

Alielewa mara moja. Alitazama kigae mkononi mwangu, akanitazama mimi. "Nenda kwa mke wa Filipo, hapo jirani."

"Naenda kwa bibi Tereza."

"Moto wake hauingii humu."

Kutoka chumbani tulisikia fimbo ya baba ikigonga sakafu, na sauti yake. "Utaingia. Nami nitauota."

Mama alinipisha mlangoni. Hakuniambia nenda, wala rudi.

Bibi Tereza alikuwa anafagia uwanja. Kwa karibu alikuwa mzee kuliko nilivyomkumbuka, na vidole vya mkono wa kulia havikuwa vinakunjika vizuri. Nilipiga magoti kama unavyomsalimu bibi yako. "Mwakeye, bibi," nikasema. Ufagio ukasimama. Nikamweleza palepale nikiwa nimepiga magoti kwenye umande, tangu ufito mpaka vibuyu, na yeye akanisikiliza akiwa amesimama. Sauti yake kubwa sikuisikia. Nilipomaliza alitazama mstari wa nyumba kule juu, ambako milango ilikuwa inafunguliwa moja moja.

"Kwa hiyo nilisema kweli," akasema. "Mzinga ulikuwa unakuja."

"Ulikuwa unakuja, bibi."

"Miaka mingine nilianza kujiuliza mwenyewe." Akafuta uso kwa ncha ya khanga. "Na hivyo vibuyu, utawaonyesha na wale wa kule juu?"

"Nitawaonyesha."

"Na Filipo?"

"Na baba mdogo."

Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwomba aseme. Alinionyesha jikoni kwa kidevu. "Moto huo hapo. Chukua mwenyewe. Chagua kaa kubwa, njia ni ndefu." Nikachagua. Nilipotoka nikageukia migombani, kwenye kile kinjia cha nyuma ambacho hakionekani na mtu, na ndipo sauti yake ya zamani ilipotoka, ile isiyojua kunong'ona:

"Generoza! Barabarani!"

Nikarudi barabarani. Nilipita katikati ya njia, nikakipuliza kigae ili moshi uonekane. Mke wa Filipo alikuwa uani kwake na beseni. Aliangalia nilikotoka, akaangalia kaa, akauliza kama mtu asiyetaka kusikia jibu, "Moto huo umeutoa wapi?"

Nikamwambia.